Kiatu cha Njuki

Haya yalimpata Jedidah, rafiki yangu wa Kanyakine, mwaka wa tisini na saba. Mumewe, Njuki, alikuwa baharia. Alirudi nyumbani na kiatu cha mtoto kilichoopolewa kwenye meli ya abiria iliyozama zamani, inayooza chini ya bahari.

“Baba Linda, kirudishe. Mwenyewe atakifuata,” Jedidah akamsihi mumewe.

“Mpaka huku Meru?” Njuki akacheka, akakitundika ukutani.

Jumatatu ng'ombe wao alilamba ardhi pale getini kama anayelamba magadi. Jedidah akaonja udongo, akakuta chumvi. Jumanne ng'ombe akalamba kizingiti. Jumatano Jedidah alirudi kutoka kuchuma majani chai, akasikia ulimi ukikwaruza ndani, gizani. Akafungua dirisha. Ng'ombe alikuwa akilamba shingo ya Njuki, aliyekwisha kupoa, palipoganda alama nyeupe za chumvi, za vidole vidogo.