Mshika Mbili

Lifti ilikuwa imesheheni watu, manukato na harufu ya mkate wa moto vikigombea hewa, pale binti mwenye kidoti shavuni alipoingiza mguu. Kengele ya uzito ikalia. Macho yote yakamgeukia yeye, gauni lake la njano na viatu vyake vipya vinavyobana.

"Baki, dada," kijana mmoja wa shati la samawati akasema, akijipenyeza kutoka. "Mimi na ngazi ni ndugu. Unakwenda ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Mimi pia. Ukifika, niwekee maji."

Alipofika juu akihema, alimkuta amesimama mlangoni mwa ofisi, glasi ya maji mkononi. Kumbe ndiye mwandishi mpya wa programu ambaye timu ilikuwa ikimngojea.

Watu wa timu ile walikuwa wachache, kazi tele. Kijana yule wa ngazi, waliyemwita Bwana Ubao kwa kuwa habanduki kwenye ubao wa kubandikia karatasi za rangi za kazi, alikuwa mwezeshaji: kuwaondolea wenzake vikwazo na kuwakinga wasielemewe. Wakati huohuo alikuwa pia mwenye bidhaa: kumsemea mteja na kuamua kipi kitoke lini. Binti, wakamwita Kidoti, aliandika programu kisha akaijaribu mwenyewe. Mapenzi yalipowakolea yeye na Bwana Ubao, mchoraji wa kurasa za programu, mama mmoja asiyemung'unya maneno, alisema, "Ofisi nzima, kazi inayofanywa na watu wawili ni hiyo yenu tu."

Mteja alikuwa na maduka ya dawa. Alitaka watu waagize dawa kwa simu.

"Usijichoshe, mpenzi," Bwana Ubao alimwambia Kidoti. "Tutaitoa wiki ijayo, mtu mwingine akishaijaribu."

Mchana mteja akapiga simu, na mdomo uleule ukamwahidi kesho.

Kesho yake mteja mwenyewe aliagiza chupa moja ya dawa ya kikohozi. Mtandao ulikuwa mzito, naye hana subira. Akabonyeza mara tatu. Zikaja chupa tatu.

"Ninaumwa kikohozi," akauliza, "au ninafungua duka jingine?"

Kidoti alipoijaribu hakuwahi kubonyeza mara tatu. Aliyeitengeneza alijua inatakiwa kungoja.

"Mjaribu wetu hakuwa makini," Bwana Ubao akasema mbele ya watu wote.

Mjaribu wao akachukua mkoba, akaondoka.

Jioni simu yake iliita mpaka ikachoka. Mwishowe akapokea.

"Nani anapiga? Mwezeshaji, mwenye bidhaa, au mpenzi?"

"Wote watatu, laazizi."

"Basi wapange foleni. Mwezeshaji aliniambia nipumzike, mwenye bidhaa akaniuza kwa mteja, na mpenzi alikuwepo, kimya. Timu ya ghorofa ya chini wananitaka. Nitawajibu kesho."

"Kidoti, nisikilize..."

"Mshika mbili moja humponyoka, kaka. Safari hii ni mimi."

Akakata. Hilo "kaka" lilimchoma kuliko yote.

Asubuhi walisimama mbele ya ubao kama kawaida, kila mmoja aseme alichofanya, atakachofanya na kinachomkwamisha. Kidoti alikuja na gauni lile la njano na uso uliofungwa.

"Nimetoka kwa mteja," Bwana Ubao akaanza. "Nimemwambia ahadi ilikuwa yangu na lawama ni yangu, na kwamba jana nilimsingizia mtu niliyepaswa kumkinga. Kuanzia leo mwenye bidhaa ni mchoraji, na kujaribu atajaribu yeye. Kilichokuwa kinanikwamisha ni tamaa ya kushika kila kitu."

"Mimi tena?" mchoraji akashtuka. "Mimi ambaye hata chai sisubiri ipoe?"

"Ndiyo maana tunakutaka."

Kidoti aliketi, akairekebisha programu, akampa mchoraji simu. Mchoraji aliibonyeza kama anayeua mbu.

"Mara sita," akatangaza. "Chupa moja."

Kidoti akacheka kabla hajajizuia. Mchana aliwapigia wa ghorofa ya chini, akawashukuru, akakataa.

Jioni lifti ilijaa tena. Bwana Ubao akaingia, Kidoti akafuata, kengele ikalia. Safari hii walitoka wote wawili.

Walishuka ngazi taratibu, Bwana Ubao akimbebea Kidoti viatu.

"Sasa una kazi ngapi?" Kidoti akauliza.

"Mbili. Mwezeshaji, na mpenzi kama hajafukuzwa."

"Yuko kwenye uangalizi."

Wakafika ghorofa ya nne. Bwana Ubao akasimama.

"Naomba ya tatu, Kidoti. Naomba kuwa mume wako."

Kidoti alimtazama, kidoti cha shavuni kikapanda na tabasamu.

"Mimi nimekubali. Lakini tumeshajifunza: kitu hakijaribiwi na aliyekitengeneza. Jumapili njoo nyumbani, mama akupime."

"Mama mkwe ana subira?"

"Hana hata chembe. Na kengele ya mlango ubonyeze mara moja tu, mpenzi. Ukibonyeza tatu, atapika chakula cha wakwe watatu."