Chuma cha Nyuma ya Gari la Baba

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya uji, Esta na mdogo wake Happy huosha gari la baba yao nyumbani kwao Mlandege, Iringa. Gari hilo ni nyumba ya kutembea: ndani lina vitanda, jiko na sinki, na watalii hulikodi kwenda Hifadhi ya Ruaha. Nyuma yake kimetokeza chuma kinene cha kuvutia trela la mahema.

Jumamosi hii hakuna aliyeshika ndoo. Happy alikaa kizingitini, kifundo cha mguu kimefungwa kitambaa chenye damu. Mama yao alikuwa amefura.

"Nimesema kikatwe!" alifoka. "Jana kimemgonga mtoto, kesho kitamvunja mguu. Hilo trela unalifunga mara ngapi kwa mwaka, Baba Esta?"

"Mwaka jana mara kumi na moja. Bila trela, wageni wenye familia hawanikodi."

"Basi chagua: wageni au wanao!"

Muhidini, fundi wa kuchomelea, alikuwa ameshafika na mashine yake ya kukatia. "Shemeji akisema kata, mimi nakata," alitania. Hakuna aliyecheka.

Esta aliinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyewaambia wazazi kwamba Happy alijigonga kwenye chuma akipita.

Baba alichukua futi ya kupimia, akapima kutoka ardhini hadi kwenye chuma. Sentimita arobaini na tano. Akamsimamisha Happy kando yake. Chuma kilimpita goti.

"Kidonda kiko kifundoni," alisema taratibu. "Chuma hiki kiliinamaje kumgonga huko chini? Na alama hizi za ndala juu yake ni za nani, Esta?"

"Sijui."

"Hujui?" Sasa baba naye alifoka, na Esta hakuwa amewahi kumsikia akifoka.

"Nikate, nisikate?" aliuliza Muhidini.

Esta alipandwa na hasira. Aliichukia ile futi, akamchukia Happy aliyekuwa akimkodolea macho, na zaidi alijichukia mwenyewe.

"Tulidandia!" alisema kwa nguvu. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Jana, Baba, ulipokuwa unapanda kilima polepole, tulisimama juu ya chuma. Happy akateleza, mguu ukaburutwa kwenye kokoto."

"Umemfundisha mdogo wako kudandia gari!" Mama alipiga makofi kwa hasira. "Angekanyagwa na gari la nyuma ungesingizia nini? Barabara?"

Esta alianza kulia. Hakuna aliyembembeleza.

Baba alimwonyesha Muhidini pini iliyoshikilia kile chuma. Ilikuwa na kutu. Fundi aliigonga kwa nyundo mara tatu ikatoka, na sehemu ya chuma iliyotokeza ikachomoka.

"Hakikatwi," baba aliamua. "Kitakaa ndani, na kitarudishwa siku ya trela tu. Kosa langu ni kuiacha pini ishike kutu. Lako ni kubwa zaidi, Esta. Tungekata chuma, wiki ijayo mngedandia ngazi ya gari."

Kisha akafungua kitambaa mguuni mwa Happy. Ndani ya kidonda mlikuwa na mchanga.

"Unaona? Tulidhani ni chuma, tukafunga tu. Kidonda cha kokoto lazima kisafishwe chote. Uongo wako ulikuwa unamwozesha mguu. Mbebe hadi zahanati. Muuguzi akiuliza ameumiaje, utajibu wewe, tena ukweli mtupu, kwa sababu mganga hutibu kile anachoambiwa."

Esta alifuta machozi, akachuchumaa, na Happy akapanda mgongoni kwake.