Mgeni Haulizwi Ataondoka Lini

Beldina alikuwa akikaanga omena, dagaa wa ziwani, jikoni kwake Manyatta, mjini Kisumu, lakini sikio lake lilikuwa mlangoni. Mgeni wake, Furaha, alikuwa sebuleni na kompyuta. Furaha alitoka Lubumbashi, nchini Kongo, kumtembelea Akello, binti wa Beldina, ambaye mchana huwa kazini. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno yanayopita chini ya filamu. Wateja wake wote walikuwa Ulaya.

Alikuja kutembea, akazoea. Mvua za masika zilimkuta, zikamwacha. Hakuna aliyemuuliza ataondoka lini. Nyumbani kwa Beldina, swali hilo lilikuwa sawa na kumtupia mtu mkoba wake nje.

Kumbe lingepaswa kuulizwa mapema. Jana, wakichambua mboga za sukuma wiki, Furaha mwenyewe alisema muda aliopewa mpakani unakwisha Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatatu.

Hodi ilibishwa. Mwiko ulimponyoka Beldina; alidhani ni watu wa Uhamiaji.

Kumbe ni muuza maziwa tu.

"Siku hizi unaogopa maziwa, Mama Akello?" Ooko, mumewe, alimcheka. "Dawa ni rahisi. Huyu msichana aende Busia, avuke Uganda, anywe soda, arudi jioni. Watampigia muhuri mpya."

"Na wakikataa?"

"Watakataaje? Ameiba kuku wa nani?"

"Wakikataa nitabaki njiani, Baba," Furaha alisema polepole. "Na kama watanifukuza, sijui kama nitawaona tena."

Maneno hayo yalimchoma Beldina. Alijifunga leso, akaenda kumwita jirani yao Nakhumicha, wakili anayewasaidia wageni kupata vibali. Nakhumicha alikuja, akavuta kiti karibu na Furaha.

"Mpakani ulisema umekuja kufanya nini?"

"Kutembea."

"Na umetembea?"

Furaha aliitazama kompyuta. "Nimefanya kazi. Lakini sijachukua kazi ya Mkenya. Wateja wangu hawajui hata Kisumu iko wapi."

"Basi kosa liko wapi?" Ooko aliingilia. "Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu amekuja na jembe lake."

"Hapo ndipo shida ilipo, Mzee. Methali hiyo ni ya nyumbani. Serikali ikimkaribisha mgeni haimpi jembe. Kibali cha mgeni ni cha kutembea tu, na kina siku yake ya mwisho. Kompyuta hii ni jembe, hata kama shamba liko Ulaya."

Ooko alijikuna kidevu. "Na Busia?"

"Afisa halazimiki kumruhusu aingie tena. Akiona mtu anatoka na kuingia ili aendelee kukaa, anaweza kumzuia. Na siku ikipita akiwa bado hapa, hilo ni kosa. Anaweza kutozwa faini au kurudishwa kwao."

"Basi afanye nini?" Sauti ya Beldina ilikuwa nyembamba.

"Aombe kuongezewa muda sasa, kabla Ijumaa haijafika. Kazi aisimamishe kwanza. Kuna kibali cha watu wanaowafanyia kazi wateja wa nje kwa mtandao. Ataonyesha mikataba yake, mapato yake na mahali anapokaa. Masharti hubadilika, kwa hivyo awaulize Uhamiaji wenyewe. Asiwaulize watu wa stendi."

"Mimi ndiye mtu wa stendi?" Ooko aliuliza.

"Kwa ushauri wa leo, Mzee, wewe ni stendi nzima."

Furaha alicheka kidogo, kisha akaifunga kompyuta. Aliwaandikia wateja kwa simu kwamba wamsubiri. Siku hiyo hiyo alituma ombi, na kesho yake Beldina akamsindikiza hadi ofisi ya Uhamiaji. Afisa aliuliza maswali mengi. Furaha alijibu kweli tupu. Beldina alikaa kando, akiipindapinda ncha ya leso mpaka ikawa kama kamba.

Jumatano ilipita kimya. Alhamisi jibu lilikuja: ameongezewa muda. Beldina alikaa chini sakafuni, akalia.

Kile kibali cha kazi ya mtandao kilichukua muda mrefu zaidi, lakini kilipatikana. Furaha alirudi kwenye filamu zake bila kujificha.

Mwezi uliofuata alifika mgeni mwingine, kijana kutoka Mwanza. Beldina alimpokea mkoba.

"Karibu, mwanangu. Umepewa kukaa mpaka lini?"

Wifi yake, Apiyo, alishika mdomo. "Mama Akello! Unamfukuza mtoto hata maji hajanywa?"

"Simfukuzi," Beldina alisema. "Nataka akae."