Sura ya Mwisho Imeshonwa

Jumamosi ile soko la mitumba lilifurika watu hata upepo ukakosa pa kupita. Katikati ya msongamano huo, Fundi alikuwa ameshika pazia la mahameli jekundu kwa mikono yote miwili, na upande wa pili wa pazia hilo alikuwapo mwanamume asiyemjua, naye ameling'ang'ania.

"Achia, kaka," alisema Fundi.

"Mimi ndiye niliyelitangulia, dada."

"Umelitangulia kwa macho. Mimi nimelitangulia kwa mkono."

Mama mwenye meza alicheka. "Vuteni tu. Pazia zito hilo, halichaniki kama ndoa za siku hizi."

Mwanamume yule alikuwa mrefu, amevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, ila kifungo kimoja kilikuwa kimeingia tundu la jirani yake, na shati zima likakaa upande. Fundi, mwenye chumba cha kushona juu ya duka la dawa, hakuweza kukitazama kifungo kile bila vidole kumwasha. Lakini kilichomshika zaidi ni sauti: nzito, ya taratibu, kama mtu anayemimina asali.

"Haa!" mama mwenye meza alipiga kofi. "Si ndiye Sauti ya Saa Kumi huyu? Wa redioni!"

Mtangazaji aliinamisha kichwa kwa aibu. Akaeleza kwamba studio yao ina mwangwi, na alitaka pazia la kutundika ukutani. Fundi naye akasema analitaka kwa ajili ya gauni la binti mfalme.

"Binti mfalme gani huyo asiyekwenda dukani mwenyewe?"

"Hawezi. Yumo kitabuni."

Mtangazaji alicheka mpaka mkono ukalegea. Fundi hakungoja. Alitoa mkasi mkobani, akalipima pazia kwa jicho, akalikata katikati, nusu yake na nusu ya mwenzake.

"Na kifungo chako kimepotea njia," alimwambia huku akikunja fungu lake.

"Nani atakirudisha njiani, kama si fundi?"

Wakabadilishana namba za simu hapo hapo.

Sasa msomaji lazima aelewe habari ya binti mfalme. Fundi alikuwa mwanachama wa chama cha wasomaji. Kila mwezi mmoja wao alikuwa mwenyeji, na mwenyeji ndiye aliyechagua vitabu, akapamba chumba kifanane navyo, na wageni wakaja wamevaa mavazi ya zama hizo. Kulikuwa na desturi moja waliyoiheshimu kuliko zote: sura ya mwisho haikusomwa nyumbani. Mwenyeji aliifunga katika nakala ya kila mtu, na siku ya mkutano wote waliifungua pamoja na kuisoma kwa sauti. Wengine walifunga kwa gundi au kwa pini. Fundi, kwa kuwa ndiyo kazi yake, aliishona kwa uzi mwekundu, mishono midogo na sawasawa.

Alichagua riwaya za mapenzi ya zama za kale. Mwenyekiti wa chama, mwalimu mkuu mstaafu, alikunja uso.

"Vitabu vya kuliza watu bure," alisema. "Nakupa mwezi huu tu. Mkutano ukidorora, vyote vinatoka katika rafu ya chama, tunaweka vitabu vya uongozi."

Wengine walicheka. Fundi hakucheka. Shule aliiacha mapema, akarudi ukubwani katika darasa la jioni, na huko riwaya ya namna hiyo ndiyo iliyomfundisha kwamba kusoma si adhabu. Vitabu hivyo vikitolewa mlangoni, alijiona yeye mwenyewe anatolewa navyo.

Mapenzi nayo hayakungoja mkutano. Simu ililia kila asubuhi kabla cherehani haijaanza.

"Umeamka, malkia?"

"Malkia hawaamki, wanaamshwa."

"Basi nakuamsha. Jana uliniota?"

"Nilikiota kifungo chako. Bado hakijafika nyumbani."

Shangazi yake, aliyeishi naye, alikuwa akitikisa kichwa pembeni. "Mwanangu, unaichekea simu kama inakutekenya."

Wiki zikapita hivyo, kwa matembezi ya jioni na chai ya dukani, hata Fundi akamwalika Mtangazaji kwenye mkutano. Akampa nakala yake mwenyewe ya riwaya ya mkutano, hadithi ya binti mfalme aliyependana na mchora ramani. "Isome uje," alimwambia, akaona yametosha. Ya sura iliyoshonwa hakuyataja. Katika chama kila mtu aliyajua, naye alisahau kwamba mpenzi wake si mwanachama.

Siku mbili kabla ya mkutano, saa kumi, redio ya Shangazi ilikuwa wazi kama kawaida. Fundi alikuwa akipinda gauni la mahameli.

"Wapenzi wasikilizaji," ilisema ile sauti ya asali, "leo nina zawadi kwa mtu mmoja anayeshona. Yeye atajua."

"Wewe huyo!" Shangazi aliruka kitini. "Wewe huyo, mwanangu!"

Fundi alitabasamu. Kisha Mtangazaji akaanza kusoma: mchora ramani amerudi kutoka kifungoni, amesimama mbele ya ngome… Tabasamu likakauka. Hiyo ilikuwa sura ya mwisho. Yeye mwenyewe hakuwahi kuisoma! Akaziba masikio kwa vidole, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani peke yake, na sindano ikatembea hovyo mpaka ukingoni mwa gauni.

"Amemsamehe!" Shangazi alilia kwa furaha, kwa sauti ya kupenya vidole vyovyote. "Wameoana! Jamani, wameoana!"

Simu ya kwanza ilikuwa ya Mwenyekiti. "Nimesikia redio. Chama kizima kimesikia. Tutafungua nini sasa? Ahirisha, binti yangu, usijiaibishe. Vitabu nitakuja kuviondoa mwenyewe."

Simu ya pili ilikuwa ya Mtangazaji, amejaa furaha. "Umeipenda?"

"Nani alikwambia ufumue ule uzi?"

"Lakini… nilidhani umenifungia kama zawadi. Nikafumua polepole, hata karatasi haikuchanika. Niliposoma nikaona jiji zima lisikie."

"Jiji zima limesikia. Chama changu kimesikia. Ule uzi ulikuwa ufunguliwe mbele ya watu, siku ya mkutano. Nimejenga nyumba, wewe umeng'oa paa."

"Mpenzi, sikujua."

"Hukuuliza."

Akakata simu. Ikalia tena, akaifunika kwa vitambaa.

Usiku ule Fundi alilia kidogo, kisha akachoka kulia. Asubuhi Shangazi alimkuta ameketi mbele ya gauni lililoharibika pindo.

"Shangazi, ulisikia mwisho. Bado unataka kukisoma kitabu?"

"Mno! Nimesikia wameoana. Sijui waligombania nini. Muuza dawa naye kaniuliza, na wauguzi wa zahanati. Wote wanataka kujua kijana alimkosea nini yule binti."

Hapo Fundi akaipata njia. Akachukua mkasi, akafumua pindo lililoharibika, akaanza upya. Kisha akampigia Mwenyekiti.

"Siahirishi, Mwalimu. Njoo, na uvae vazi la zama zile."

Siku ya mkutano chumba cha kushona kiligeuka baraza la kifalme. Cherehani zilifunikwa vitambaa vya dhahabu, taa zilivikwa karatasi za rangi ya machungwa, na kiti cha wateja kilikuwa kiti cha enzi. Fundi aliketi pale ndani ya mahameli jekundu, shingo wazi, nywele zimesukwa kama taji. Wanachama wawili, dereva wa teksi na mkewe, walikuja na mapanga ya mbao. Mwenyekiti alikuja na joho jeusi na uso wa kuzika mtu.

"Mwisho mnaujua," Fundi alisema. "Kwa hiyo leo hatusomi mwisho. Leo tunahukumu. Mchora ramani alimchorea binti mfalme ramani ya bustani ya ngome kama zawadi, na adui wakaipata ramani hiyo wakaingia. Binti alimsamehe. Je, alifanya sawa?"

"Hapana!" alisema mke wa dereva. "Angekaa jela mpaka aote mvi!"

"Kwa kosa gani?" mumewe aling'aka. "Kupenda?"

"Wewe nyamaza, siku ile ya kumbukumbu ya harusi ulininunulia tairi."

Kicheko kilitikisa madirisha. Ngazi nazo zilikuwa zikitikisika. Wauguzi walichungulia mlangoni wakiwa bado na sare, nyuma yao muuza dawa, na nyuma yake watu ambao Fundi hakuwajua.

"Samahani, ni hapa kwenye kile kitabu cha redioni? Mwisho tumeusikia. Tunataka mwanzo."

"Ingieni, ingieni!" Shangazi alisukuma viti. "Mimi ndiye niliyewaambia."

Mabishano yakawaka upya, kila mgeni na upande wake, hadi mtu mmoja akasema mchora ramani ni mjinga tu. Hapo Mwenyekiti akasimama, joho likimning'inia bega moja.

"Msimguse huyo kijana!" alipaza sauti ambayo shule nzima ilikuwa ikiiogopa. "Amekaa gerezani ukurasa baada ya ukurasa bila kulitaja jina la binti! Mmesoma nini ninyi? Mimi nimekisoma mara mbili!"

 Mwenyekiti akasikia mwenyewe alichosema. Akashika joho lake.

"Basi," alisema kwa sauti ndogo, "vitabu vibaki rafuni. Na mwezi ujao mwenyeji ni mimi. Mapenzi ya kale, sehemu ya pili."

Makofi yalipotulia, watu mlangoni walipisha njia. Mtangazaji alikuwa amesimama pale ndani ya kanzu ya kukodi iliyoishia magotini, mikono mitupu. Fundi alijinyoosha katika kiti cha enzi.

"Mshtakiwa ana la kusema?"

"Ninalo. Nilifungua kilichokuwa cha wote nikiwa peke yangu. Nilipenda bila kuuliza."

"Nami nilikupa kitabu bila kukupa desturi yake. Hilo ni langu." Akamwinamia. "Basi leo uliza. Na usiulize kwa sauti ya redio."

Mtangazaji alipiga goti. Sauti iliyozoeleka mji mzima ikatoka nyembamba, imekwaruza, kama ya mtu yeyote.

"Utaniolea… yaani, utakubali nikuoe?"

"Nimekubali," alisema Fundi, "kabla hujakosea tena."

Vigelegele vya Shangazi vilimfanya muuza dawa adondoshe miwani. Dereva alimkumbatia mkewe na panga lake la mbao. Mwenyekiti aligonga meza ya kukatia nguo.

"Kimya! Watu hawa wamepanda ngazi kusikia mwanzo. Bwana harusi, kaa chini. Fundi, soma."

Mtangazaji akaketi sakafuni miongoni mwa wauguzi. Fundi akafungua ukurasa wa kwanza, akakohoa kidogo, na chumba kizima mpaka ngazini kikatega sikio kumsikiliza.