Jina Lisilorudiwa

Adhuhuri ile chumba cha seva cha Lodwar kilinuka ubani, na hakuna aliyekuwa amefukiza. Nakeno, mtunza kumbukumbu wa shirika la misaada, aliganda mlangoni.

Alijua kwa nini. Mwezi uliopita, kambini Kakuma, Sheikh Kullow alimsomea Kurani Iqra, binti wa Mama Magool, hadi jini akakubali kutoka na kutaja jina lake. Jina la kuagia halirudiwi. Kulirudia ni kumwita jini mwenyewe. Nakeno, aliyekwenda kuandikisha familia, alirekodi kwa siri kwa simu ya ofisi, apate cha kuwasimulia wenzake. Simu ikaihifadhi sauti kwenye faili la Iqra, na seva ya Lodwar ikapeleka nakala kwa seva ya Kakuma, kama ifanyavyo kwa kila faili, ili moja ikipoteza, nyingine irudishe.

Na asubuhi hiyo habari zilikuwa zimefika kutoka Kakuma: Iqra ameanguka tena, jini amerudi.

Nakeno akaifuta sauti. Kabla hajamaliza chai, ilikuwa imerudi kutoka Kakuma. Akafuta tena, ikarudi tena, na safari hii, ingawa hapakuwa na spika, mnong'ono ukatambaa kutoka ndani ya bati la seva, ukilitaja jina, ukilitaja, hadi akahisi midomo yake nayo inataka kulitamka.

Akampigia Lokiru, fundi wa Kakuma.

"Ejok, dada," akamsalimu. "Mbona unanong'ona?"

"Ng'oa waya wa mtandao, ufute faili la sauti la Iqra. Na huku nafuta. Usilisikilize."

"Umefanya nini?"

"Nakuja. Nitasema mbele ya mama yake."

Jioni, kambini Kakuma, akasema kweli mbele ya Mama Magool, Sheikh na Lokiru, aliyekwisha kufuta faili, ameketi chini, macho mchangani. Mama Magool alimkumbatia bintiye.

"Kumbe mimi namtoa, mashine yenu inamwita," Sheikh Kullow alisema kwa upole uliouma kuliko tusi.

Akasoma upya. Iqra akatulia, akaomba maji, akanywa.

"Nisamehe, mama," Nakeno alinong'ona.

Magool alifungua kinywa kujibu, lakini Iqra alikuwa ameanza kucheka, kicheko chembamba cha mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja.

Lokiru akageuka polepole. "Dada, hicho si kicheko chako?"

Ndipo Nakeno akakumbuka alivyojiziba mdomo kuficha kicheko siku ile ya kurekodi, simu ikiwa mkononi. Magool alimtazama, na Nakeno hakuweza kuinua macho.