Vumbi la Ovaroli

Kila jioni baba akirudi kazini, Kidoti aliipokea ovaroli yake na kuikung'uta. Baba alikuwa fundi wa kuvunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi, yale madini mazito yaliyomo ndani. Zamani Kidoti aliikung'utia uani, mpaka mama jirani alipolalamika kwamba vumbi linamchafulia nguo alizoanika. Kidoti, mtoto mwenye adabu zake, akahamia ndani. Akawa anaikung'uta pale pale mkekani, mdogo wake akicheza na kulamba vidole.

Mdogo wake walimwita Bonge, kwa kuwa alizaliwa na mashavu ya kugawia jirani. Siku hizi jina lilibaki, unene ulikwenda zake. Chakula hakitaki, tumbo linamsokota, na hata maneno machache aliyokuwa ameanza kuyatamka yalipotea.

"Ni meno tu hayo," baba alisema. Meno gani hayo, miezi nenda miezi rudi?

Asubuhi moja Bonge alishikwa na degedege. Wakamkimbiza hospitali, akapimwa damu.

"Ana sumu ya risasi," daktari alisema. "Inatoka wapi?"

"Mimi ni fundi betri," baba akajibu, "lakini betri sizileti nyumbani."

"Na nguo za kazi?"

"Nazikung'uta mimi," Kidoti akasema. "Ndani, Bonge akiwepo." Akaangua kilio.

Baba akamvuta karibu. "Nyamaza, mwanangu. Kazini tuliambiwa tuoge na kubadili nguo kabla ya kutoka. Mimi nikaona wananichelewesha tu. Kosa ni langu."

Tangu siku hiyo ovaroli ikabaki karakanani, baba akawa anarudi ameoga, na sakafu ikapigwa deki kila siku. Bonge alipewa dawa, degedege ikakoma, sumu ikapungua.

"Sasa atasoma kama wenzake?" mama aliuliza waliporudi kliniki.

Daktari akavua miwani. "Sitakudanganya, mama. Damu inasafika, lakini ubongo ulioumia huenda usipone. Vumbi hili huzuiwa kabla mtoto hajalila. Baada ya hapo, dawa hufanya kidogo tu."

Njiani baba alimbeba Bonge. Walipokaribia nyumbani ndipo akasema, "Wenzangu kazini wote wana watoto wadogo. Kesho nitawaambia, hata wakinicheka. Kwa huyu wetu nimechelewa."