Kufuli Jekundu

"Maziwa yamechemka."

Simu ikakatwa.

Nyuki aliacha chai ikifuka mezani, akavaa helmeti na kuirukia Honda yake. Alikuwa akingoja maneno hayo tangu alfajiri. Yalikuwa na maana moja tu: mgeni ametoka hotelini, na mtu wake wa siri, waliyempa jina la Mzizi, yumo garini mwake.

Land Cruiser nyeupe ilikuwa ikipasua foleni kama vile barabara ni ya baba yake. Nyuki akaifuata, akijificha nyuma ya lori la saruji. Ndani ya helmeti, redio ya Motorola ikakoroma.

"Unamwona?" Alikuwa Kinyonga, mkuu wake kwenye idara ya upelelezi.

"Namwona."

"Usimpoteze."

"Sijawahi kupoteza hata soksi za wanangu."

Kinyonga hakucheka. Hakuwa mtu wa kucheka siku za kazi.

Mgeni alikuwa mkodishaji wa jenereta za dizeli. Kwa miaka mingi nchi ilikuwa imemtegemea kama mgonjwa anavyotegemea mkongojo. Umeme ukikatika, anaitwa yeye. Ukirudi, mikataba yake inaendelea kula hata jenereta zikiwa zimelala. Wenyewe walimwita Bwana Giza, tena kwa heshima, kwa maana walioshiba kwake hawakuwa wachache.

Leo mambo yalikuwa yageuke. Laini mpya ya umeme kutoka bwawani ilikuwa iwashwe mbele ya wageni na kamera. Jioni, bunge lingepigia kura sheria mpya ya nishati: kila mkataba wa umeme usomwe hadharani, na jenereta za kukodi zirudi kwao. Lakini mbunge gani angenyoosha mkono, iwapo laini hiyo ingeripuka mchana kweupe?

"Mzizi ni fundi wa ndani," Kinyonga akasema. "Atashusha swichi ya ardhi kabla laini haijawashwa."

"Niambie kwa lugha ya jikoni."

"Wakiwasha, umeme wote utazama ardhini kwa mpigo mmoja. Transfoma kubwa itapasuka. Kuagiza nyingine ni mwaka mzima, na mgeni ana meli ya jenereta inangoja bandarini."

"Si muwaambie wasiwashe?"

"Simu na redio za chumba cha mitambo zimekatwa. Nimetuma gari, limekwama kwenye msafara wa wageni. Wataiwasha hotuba ya waziri ikiisha."

"Basi Mungu amjalie waziri maneno mengi."

"Nyuki. Fundi huyo akikushinda, piga risasi."

Land Cruiser ilisimama nyuma ya kituo cha kupoozea umeme, upande usio na hema wala zulia. Mlango ukafunguka. Akashuka mzee wa ovaroli ya bluu, kofia ngumu imemfunika uso, mkoba wa zana begani. Akapita geti dogo kama mtu anayeingia kwake.

Nyuki aliparamia ukuta, akatua kwenye kokoto na kujibanza nyuma ya pipa la mafuta. Akachomoa bastola yake ya Beretta. Kwa mbali vipaza sauti vilileta sauti ya waziri, akiwashukuru watu mmoja mmoja.

Mzee akaingia kwenye kibanda cha kinga, mahali penye vifaa vinavyozuia swichi isishushwe kimakosa. Alikuwa anavizima. Nyuki akainua darubini. Mzee akavua kofia kujifuta jasho.

Nyuki akashusha darubini.

"Kinyonga. Mzizi ni mjomba wangu."



"Mjomba wa kuitana tu?"

"Mjomba. Tumbo moja na mama yangu."



"Amri haijabadilika," Kinyonga akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

Nyuki alimfahamu mzee yule kuliko alivyokifahamu kiganja chake. Hakuwa mtu wa kutishwa na bastola. Angemtazama tu, aendelee na kazi, na Nyuki angelazimika kufyatua. Ndipo mkono wake ulipogusa kitu kinachoning'inia kwenye funguo zake za pikipiki.

Kufuli la baba.

Lilikuwa jekundu zamani. Sasa rangi ilikuwa imebaki kwenye pembe tu. Mafundi wa laini wana mwiko mmoja: ukiingia kufanya kazi kwenye waya, unafunga swichi kwa kufuli lako mwenyewe, na ufunguo unaingia nao. Kufuli la mtu ni roho ya mtu. Siku moja bosi mwenye haraka aliamuru kufuli la baba likatwe, na baba alikuwa bado yuko juu ya nguzo. Mjomba ndiye aliyeishusha maiti yake mgongoni. Tangu siku hiyo, mwanafunzi aliyegusa kufuli la mwenzake alichapwa kofi na mjomba kabla ya kuulizwa jina.

Nyuki akakimbia ameinama hadi kwenye swichi ya ardhi. Akapitisha kufuli kwenye tundu la mpini, akalibana. Kisha akajipenyeza nyuma ya vyuma vyake.

Mjomba akaja. Akafungua mkoba, akatoa mkasi mkubwa wa kukatia chuma. Alikuwa amejiandaa kwa kufuli lolote.

Isipokuwa hilo.

Alilitazama kama aliyeona maiti ikipiga chafya. Mkasi ukashuka. Na mdomo wake ukasema wenyewe maneno ambayo fundi wa laini husema kabla hajagusa kufuli lisilo lake.

"Nani yumo?"

"Mimi, mjomba."

"Toka huko, mama. Hapa si mahali pako."

"Nimeshafunga. Ukitaka, kata."

Beretta ilikuwa imeelekea kifuani pake kati ya vyuma viwili. Jasho lilimwingia Nyuki machoni na hakulifuta. Kule hemani watu walipiga makofi. Waziri alikuwa anamalizia.

"Walisema watampeleka mkaza mjomba wako nje," mzee akasema taratibu. "Figo zimegoma. Mashine ya hospitali inazimika kila umeme unapokatika, nami nabaki nampepea gizani. Ungefanya nini wewe?"

"Kwa hiyo dawa ya giza ni giza zaidi?"

 Kokoto zikalia nyuma ya mzee. Mgeni alikuwa amechoka kusubiri garini. Suti safi, bastola mkononi.

"Kata!"

"Kuna mtu ndani," mjomba akasema.

"Kata, mzee!"

"Nimekwambia kuna mtu ndani."

Mgeni akamsukuma na kuupokonya mkasi. Mjomba alikuwa ameyumba katikati ya shabaha. Nyuki hakuweza kufyatua. Meno ya mkasi yakaliuma kufuli.

Spana ya mjomba ilishuka kama shoka.

Mfupa wa mkono ukalia. Mkasi huku, bastola kule. Kabla mgeni hajapata pumzi ya kupiga yowe, goti la Nyuki lilikuwa mgongoni mwake na pingu zimembana.

Juu yao, waya zikaanza kuvuma. Transfoma ikanguruma polepole, ngurumo nzito ya mashine iliyoshiba. Kule hemani bendi ikapiga.

"Kinyonga. Sufuria nimeipua."

"Na Mzizi?"

Nyuki alimtazama mjomba. Mzee alikuwa amekaa kwenye kokoto, spana mapajani, ameukazia macho mpini wa swichi. Mpini ulikuwa haujasogea hata unywele.

"Ninaye. Mzima."

Akatoa pingu ya pili. Mjomba akanyoosha mikono bila kuambiwa.

"Utamwambia nini mkaza mjomba wako?"

"Kwamba ulichokifanya utakijibu mahakamani." Akafunga pingu, akahakikisha haimuumizi. "Na kwamba uliuliza nani yumo."

Wenzake walikuwa wanaruka ukuta kuja kuwachukua wawili hao. Nyuki alilifungua kufuli, akakivuta kidole juu ya alama mbili za meno ya mkasi, akalirudisha kwenye funguo zake. Kisha akatoka kwa geti dogo, akimsalimia mlinzi kama mtu aliyekuja kusoma mita, na kuiwasha Honda.

Zamu ya kukaa na mgonjwa hospitalini jioni hiyo ilikuwa imebaki bila mtu. Alipitia nyumbani kuchukua kanga safi.